Haki kwanza au amani kwanza? Njia mbili zilizoanzia Arusha

Majirani zetu wawili walitia saini mikataba yao ya amani hapa Arusha: Rwanda tarehe 4 Agosti 1993, Burundi tarehe 28 Agosti 2000. Nchi zenyewe zimepakana, ukubwa wao haupishani sana, Mrundi na Mnyarwanda wakizungumza wanaelewana, na zote mbili zimezika watu wengi mno. Baada ya saini, kila moja ilishika njia yake. Mkataba wa Rwanda ulivunjika kabla haujatimiza mwaka, yakafuata mauaji ya kimbari yaliyoua watu zaidi ya 800,000 katika siku mia moja, na walionusurika wakaambiwa haki yao itatafutwa mahakamani. Burundi, iliyokuwa vitani tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, ilichagua kunyamazisha bunduki kwanza. Mahakama ikaambiwa ingoje.

Huenda siku moja na wewe ukaulizwa, kwenye mkutano wa kijiji, kwenye jumuiya, msikitini au mbele ya tume iliyokuja kukusanya maoni: walioua washtakiwe, au tusameheane tuendelee na maisha? Swali hilo huja ghafla na watu huwa wamechoka. Ndiyo maana nimeziweka njia hizi mbili ubavu kwa ubavu, pamoja na nchi nyingine chache zilizojaribu kuzichanganya, ili anayelazimika kuchagua ajue anachagua nini.

Msimamo wangu nausema mapema. Amani inaweza kutangulia na haki ikasubiri zamu yake. Ila kusubiri ni jambo moja na kufutwa ni jingine, na mikataba mingi huwachanganya watu hapo hapo.

Njia ya mahakama

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda tarehe 8 Novemba 1994. Rwanda, iliyokuwa na kiti katika Baraza hilo mwaka ule, ilipiga kura ya kuipinga: mahakama haingetoa adhabu ya kifo, na ilielekea kukaa mbali na mahali damu ilipomwagika. Makao yake yakawa Arusha, ndani ya majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015.

Mwaka 2003 kazi yangu ilikuwa kupeleka karatasi na wino kwenye ofisi za mjini, na kwa kuwa mizunguko yangu ilipita pale, mara nne nilitumia saa yangu ya chakula kuingia kusikiliza. Unaacha kitambulisho mlangoni, unakaguliwa, unakaa nyuma ya kioo kirefu. Kwenye mkono wa kiti kuna kitufe cha kuchagua lugha unayotaka kusikia kwenye visikilizio: Kiingereza, Kifaransa, Kinyarwanda. Nilikizungusha chote, nikarudia. Kiswahili hakikuwepo. Mahakama ilikuwa katikati ya mji ambao mama muuza ndizi na hakimu wote wanazungumza Kiswahili, na sisi wenyeji tulikuwa wageni wake.

Siku ya tatu shahidi alikuwa mwanamke, amefichwa nyuma ya pazia, anaitwa kwa herufi tu. Wakili wa utetezi alimuuliza umbali wa migomba kutoka mlangoni, kwa mita. Yule mama hakuwa mtu wa mita. Swali likapita kwa mkalimani mmoja, likaenda kwa wa pili, likarudi, na sauti iliyonifikia masikioni ilikuwa ya mwanamume akisema "nilikuwa nimejificha", kana kwamba aliyejificha ni yeye. Nilitoka nikiwa na hasira na mahakama ile. Imenichukua miaka kuona kwamba yule mama alikuwa akipewa kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumpa: chumba kizima cha watu wazima wenye majoho kinachohangaika kujua kwa usahihi alikuwa amejificha wapi.

Na yapo mambo ambayo bila mahakama ile dunia isingekuwa nayo. Tarehe 2 Septemba 1998 Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, na hiyo ikawa hukumu ya kwanza ya kosa hilo kutolewa na mahakama ya kimataifa baada ya kesi kusikilizwa. Hati yake ya mashtaka mwanzoni haikuwa na ubakaji. Mashahidi wanawake walipousimulia kizimbani, na Jaji Navanethem Pillay akawa anauliza zaidi, hati ilirekebishwa mwaka 1997, na hukumu ikasema ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Sheria hiyo iliandikwa Arusha, kwa midomo ya wanawake wa mashambani. Siku mbili baadaye Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mauaji na ambaye alikuwa amekiri makosa, alihukumiwa kifungo cha maisha. Tangu hapo mtu anayesema mauaji yale hayakupangwa anabishana na kukiri kwa waziri mkuu mwenyewe.

Sasa bei yake. Kwa miaka ishirini na zaidi walishtakiwa watu 93. 62 wakahukumiwa adhabu na 14 wakaachiwa huru. Gharama zinakadiriwa kufika karibu dola bilioni 2. Mashahidi walikuwa zaidi ya 3,000, na kila mmoja alilazimika kusafiri, kulindwa, kufasiriwa. Wakati huohuo magereza ya Rwanda yalikuwa na mahabusu zaidi ya 100,000, na kwa mwendo wa Arusha wangemalizika baada ya vizazi kadhaa. Kuna lawama nyingine nzito, ambayo watetezi wa mahakama ile hupenda kuipita mbio: upande ulioshinda vita, jeshi la RPF lililotwaa serikali, nao ulituhumiwa kuua raia mwaka 1994, lakini hakuna hata mmoja wao aliyefikishwa mbele ya majaji wa Arusha. Anayekuuzia njia ya mahakama muulize kwanza kama itamgusa aliyeshika serikali.

Jambo jingine ambalo watu wa nje hawalijui ila sisi wa Arusha tuliishi nalo ni hatima ya walioshinda kesi. Aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, André Ntagerura, alionekana hana hatia mwaka 2004 na rufaa ikathibitisha mwaka 2006. Hakuna nchi iliyomtaka. Alikaa kwenye nyumba hapa mjini na wenzake wa aina yake, wengine walioachiwa kama yeye na wengine waliomaliza vifungo, hadi Desemba 2021 wanane kati yao walipopelekwa Niger. Kabla mwezi haujaisha Niger nayo ikawaamuru waondoke. Kuachiwa huru kwenye karatasi bila mahali pa kwenda ni jambo ambalo mahakama ya namna hii haikujiandaa nalo.

Kwa wale mahabusu walio wengi Rwanda iliwasha gacaca, jina lililotokana na majani ya uwanja ambao wazee walikalia kusuluhisha ugomvi. Mabaraza takriban 12,000 yalisikiliza kesi zaidi ya milioni 1.9 hadi yalipofungwa Juni 2012. Hakimu alikuwa jirani aliyechaguliwa na majirani, wakili hakuwepo, na aliyekiri alipunguziwa adhabu, mara nyingi akatumikia sehemu yake kwa kazi za jamii. Wanasheria waliyalaumu sana, na walikuwa na sababu: woga ulikuwepo, visasi vya mashamba vilipenya, na makosa ya askari wa upande ulioshinda hayakuguswa hapo pia. Lakini pale ndipo wajane wengi walipoambiwa waume zao wako kwenye shimo lipi. Mahakama ya dola bilioni 2 ilieleza nani alipanga. Mabaraza ya uwanjani yalieleza nani alimuua nani na alimtupa wapi. Ukiulizwa kuchagua moja kati ya hizo, jua kwamba ni maswali mawili tofauti.

Njia ya amani kwanza

Mkataba wa Burundi ulipikwa kwa muda mrefu. Mwalimu Nyerere alikuwa msuluhishi mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, Nelson Mandela akashika usukani. Waliotia saini ni pande 19, lakini makundi makubwa mawili yenye silaha, CNDD-FDD na FNL, hayakuwamo, kwa hiyo vita viliendelea. CNDD-FDD iliweka silaha chini mwaka 2003. FNL ilitia saini mwaka 2006, nayo ikahitaji miaka mingine kadhaa kutulia kabisa.

Kwa nini wangeacha bunduki? Kwa sababu walipewa vitu viwili. Cha kwanza ni mgao: katiba ya 2005 iliweka asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi serikalini na bungeni, na nusu kwa nusu jeshini, pamoja na angalau asilimia 30 za wanawake. Cha pili ni kinga ya muda ya kutoshtakiwa, na mwaka 2006 maelfu ya wafungwa wakaachiwa. Mkataba wenyewe haukusema haki imekufa. Uliahidi tume ya kimataifa ya uchunguzi, tume ya ukweli na maridhiano, na ikithibitika kwamba kuna mauaji ya kimbari, mahakama ya kimataifa iombwe.

Ahadi hizo hazikuwa na tarehe. Sheria ya tume ya ukweli ilipitishwa mwaka 2014, miaka kumi na minne baada ya saini, na mahakama haijaundwa hadi leo.

Nisiwe mchoyo wa sifa: vita vilivyoua watu wapatao 300,000 vilikwisha, na jeshi lililokuwa la upande mmoja likachanganywa. Mwaka 2015 Rais Pierre Nkurunziza alipogombea muhula wa tatu, watu wakauawa mitaani na mamia ya maelfu wakakimbia, wengi wakija Nyarugusu na Nduta kwetu Kigoma, nchi haikurudi kwenye vita vya kikabila. Mgao ule wa jeshi ni moja ya sababu. Lakini waliofyatua risasi mwaka ule walikuwa wamelelewa katika nchi ambayo hakuna mkubwa aliyewahi kuulizwa kwa nini. Oktoba 2017 Burundi ikawa nchi ya kwanza kujitoa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague.

Jirani yangu mmoja hapa Arusha ni Mrundi, fundi cherehani. Baba yake alichukuliwa mwaka 1972, katika mauaji yaliyomaliza Wahutu wengi waliosoma, yeye akiwa tumboni. Nilimuuliza angependa nini kati ya haya mawili ninayoyaandika. Alikuwa anapindisha upindo wa kitenge, hakusimamisha mashine.

"Dada, aliyemchukua mzee wetu labda naye kishakufa. Nimfunge nani? Mimi nataka kujua aliko. Mama alikataa kuhama ile nyumba mpaka anakufa, anasema akirudi atatukuta wapi."

Mapema mwaka 2020 tume ya ukweli ya Burundi ilifukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 mkoani Karusi. Palikuwa na vipande vya nguo, miwani, rozari, na watu waliwatambua ndugu zao kwa vitu hivyo. Fundi alifuatilia redioni siku zote zile. Hakusikia kitu chake. Tume hiyo ina wapinzani wanaosema inachimba zaidi makaburi ya upande mmoja, na kwa nilivyofuatilia naona wana hoja. Hata hivyo miaka 48 ilipita kabla jembe halijagusa udongo, na muda huo wote hakuna mkataba uliomzuia mtu kuandika majina.

Zikiwekwa pamoja

Kwa spidi ya kusimamisha mauaji, njia ya Burundi inashinda, na sioni haja ya kubishana. Mwenye bunduki hatatoka msituni aje kupanda karandinga. Uganda waliona hivyo kwa Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA: Mahakama ya The Hague ilitoa hati ya kumkamata mwaka 2005, mazungumzo ya Juba yakaanza 2006, na alipotakiwa kutia saini mwaka 2008 hakutokea. Wapo wanaosema hati ndiyo iliyomkimbiza; wapo wanaosema hati ndiyo iliyomsukuma kwenye mazungumzo hapo mwanzo. Naona vyote viwili vinaweza kuwa kweli.

Kwa kumweka mbali aliyepanga, mahakama inashinda, mradi mshtakiwa hayuko madarakani. Kwa Kenya, Mahakama ya The Hague ilijaribu kumshtaki mwenye nguvu baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa kufuatia uchaguzi wa 2007. Kesi ya Uhuru Kenyatta iliondolewa Desemba 2014, ya William Ruto ikasitishwa Aprili 2016, na waendesha mashtaka wakilalamika kwamba mashahidi waliingiliwa.

Kwa ukweli unaomfikia mtu wa kijijini, hakuna iliyoshinda peke yake. Afrika Kusini walijaribu kuununua ukweli kwa msamaha: sema yote, tukusamehe. Tume ya Askofu Desmond Tutu ilipokea maombi 7,112 ya msamaha na kuyakubali 849 tu, kwa hiyo haikuwa bure kama watu wanavyodhani. Lililoharibika ni la baadaye. Kesi takriban 300 za watu wasiosamehewa zilikabidhiwa waendesha mashtaka zikalala kabatini, hadi mwaka 2025 Rais Cyril Ramaphosa akaunda tume nyingine kuchunguza kama kuna mkono uliozizuia.

Ipo pia njia ya kufunika kombe mwanaharamu apite. Msumbiji, baada ya mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992, ilitoa msamaha wa jumla, hakuna tume wala kesi, na vijijini waganga na wazee wakawasafisha askari waliorudi. Amani ilishika kwa miaka ishirini, ambayo si michache, kabla ya mapigano na Renamo, waliokuwa waasi katika vita vile, kurejea mwaka 2013. Nyumbani kwetu, Januari 2001 watu zaidi ya 30 waliuawa Zanzibar kwenye maandamano na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Maridhiano ya Rais wa Zanzibar, Amani Karume, na Seif Sharif Hamad wa upinzani ya Novemba 2009 yalileta utulivu ambao Wazanzibari waliufurahia kwa dhati. Kura ya maoni ya Julai 2010 ya kuunda serikali ya umoja wa kitaifa ilipita kwa asilimia 66. Waliofyatua risasi hawakushtakiwa. Wanasiasa wetu hupenda kusema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Aliyefiwa huisikia methali hiyo kwa namna yake, maana kwake yaliyopita ni ndwele kabisa, na anaamka nayo kila asubuhi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kalamu. Julai 1999 mjini Lomé, serikali ya Sierra Leone na waasi wa RUF walitia saini mkataba uliowapa waasi msamaha wa moja kwa moja. Mwakilishi wa Umoja wa Mataifa, Francis Okelo, alitia saini pia, lakini kando ya saini yake aliongeza kwa mkono kwamba Umoja wa Mataifa hauuchukulii msamaha huo kuwa unahusu mauaji ya kimbari na makosa dhidi ya ubinadamu. Ni maneno machache tu, na mazungumzo hayakuvunjika kwa sababu yake. Mwaka uliofuata RUF waliuvunja mkataba na kuteka askari wa kulinda amani mamia, na ilipoundwa Mahakama Maalumu mwaka 2002, ule mlango ulikuwa haujapigwa kufuli. Tume ya ukweli ikafanya kazi sambamba. Charles Taylor, rais wa zamani wa Liberia aliyewasaidia waasi hao, alihukumiwa miaka 50 mwaka 2012.

Ningechagua nini

Kwetu Old Moshi, Kilimanjaro, isale, mmea wa majani marefu, lina kazi mbili. Limepandwa kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, na jani lake hilohilo ndilo anayeomba msamaha analileta. Ukiletewa isale huna ruhusa ya kukataa. Ni aibu kwako na kwa ukoo. Nikiwa darasa la sita, ndugu wa upande wa babu alikuwa ameng'oa masale ya mpaka na kujiongezea mistari miwili ya kahawa ya bibi yangu. Baada ya misimu kadhaa ya kutosalimiana, alikuja na isale, debe la mbege (pombe ya ndizi) na wazee wawili. Bibi alilipokea jani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Halafu akasema, "Baba, nimepokea. Mbege tutainywa. Ila kabla haijamiminwa, twendeni wote shambani mkanionyeshe masale yangu yalikuwa yanasimama wapi." Wazee walitazamana. Walikwenda. Mistari ya kahawa haikurudi siku hiyo, ilirudi mavuno yalipokwisha, lakini vijiti vilichomekwa mchana uleule, mbele ya mashahidi.

Hivyo ndivyo ningechagua. Kama watu bado wanauawa, chukua njia ya Burundi: kaa na wenye bunduki, wape mgao, ahirisha kesi. Lakini siku hiyohiyo ya saini chomeka vijiti. Anza kuchukua maelezo ya walioona, wakiwa hai. Weka ulinzi kwenye makaburi ya halaiki asije mtu kulima juu yake. Kinga ikitolewa, iandikwe inakwisha lini, kwa tarehe ya kalenda, na iwahusu waliobeba bunduki kwa kuamriwa, isiwahusu walioamuru. Nani ataendesha tume, na je, ataruhusiwa kuwauliza walioko ikulu? Mjane atasikilizwa kwa lugha gani, na nani atamlipia nauli? Hayo yote yadai mezani wakati wenye bunduki bado wanahitaji saini yako. Wakishapata viti hawatakuwa na haja nayo.

Kama bunduki zimenyamaza na wapangaji wameshindwa, kama Rwanda ya 1994, chukua mahakama kwa walio juu na mabaraza ya wananchi kwa walio wengi. Ila ukatae kabisa mpango wowote unaofunga macho kwa upande mmoja, hata kama ni upande uliokuokoa. Najua hili ni gumu kulitamka ukiwa umeokolewa.

Nyaraka za kesi za Arusha zipo Lakilaki, nje kidogo ya mji, katika hifadhi ya chombo kilichorithi kazi ya mahakama ile. Nilimwambia fundi habari zake. Akaniuliza kama za 1972 zipo pia. Nikamjibu za 1972 hazipo, pale ni za Rwanda tu. Akakata uzi kwa meno, akakunja kile kitenge, akaniuliza kama najua mtu wa kumsaidia kuandika barua kwa tume ya kwao, kwa Kifaransa, yenye jina kamili la baba yake na kilima alichotoka. Tunaiandika Jumapili.